Grafu au Kanuni: Ipi Itangulie?

Hoja: Mwanafunzi anayeanza kusoma mwendo wenye mchapuko usiobadilika afundishwe grafu kabla ya kanuni.

MWALIMU WA HISABATI: Napinga. Mada hii nzima inabebwa na kanuni tatu ambazo mtoto anaweza kuziandika kiganjani: v = u + at, s = ut + ½at², na v² = u² + 2as. Herufi ni tano tu. u ni kasi ya mwanzo, v kasi ya mwisho, a mchapuko, t muda, s umbali. Ukipewa tatu, mbili zilizobaki unazipata. Kwa nini tumchoshe mtoto wiki nzima kwa rula na karatasi ya miraba kabla hajaziona?

MWALIMU WA FIZIKIA: Kwa sababu akiziona kwanza, haoni tena kitu kingine. Nikiandika ubaoni kwamba basi limeondoka kituoni, wanafunzi wangu hawalifikirii basi. Wanaandika u = 0, kisha wanaanza kuwinda kanuni yenye u. Muulize mtoto huyo huyo mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde maana yake nini, atakujibu "v kutoa u, gawanya kwa t". Nimeuliza maana, nimepewa hesabu.

MWALIMU WA HISABATI: Na huyo wako wa grafu atajibu nini? "Ni mwinamo wa mstari." Hiyo nayo ni hesabu, dada, ila umeichora.

MWALIMU WA FIZIKIA: Wangu atakuambia hivi: basi limeanza likiwa limesimama, sekunde ya kwanza ikiisha lina kasi ya 2, ya pili 4, ya tatu 6. Kila sekunde inaongeza mbili zile zile, ndiyo maana mstari haupindi. Akitaka kujua limekwenda umbali gani kwa sekunde 6, kasi imefika 12, na chini ya mstari kuna pembetatu: nusu ya kitako mara kimo, mita 36. Ile ½ ya kwenye kanuni yako, ambayo watoto huisahau kila mwaka, ndiyo nusu ya pembetatu. Aliyeiona pembetatu haisahau.

MWALIMU WA HISABATI: Hapo sina neno, inaeleweka vizuri. Lakini pembetatu hiyo mimi naichora kwa dakika tano, natoa kanuni, naendelea na safari. Wewe unataka wapige kambi hapo.

MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU: Samahani, walimu. Mimi grafu ndizo zilizonichanganya zaidi. Kwenye jaribio letu kulikuwa na mstari unaopanda, halafu ukalala, halafu ukashuka mpaka chini. Wengi wetu tuliandika kwamba gari lilipanda mlima, likapita tambarare, likateremka. Tulikosa wote.

MWALIMU WA HISABATI: Ahsante, mwanangu. Ushahidi wa shahidi aliyeona kwa macho yake.

MWALIMU WA FIZIKIA: Kosa hilo lina historia ndefu kuliko darasa lenu. Lillian McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha mwaka 1987 utafiti juu ya matatizo ya wanafunzi katika kuhusisha grafu na mwendo wenyewe, na hilo ni mojawapo: kuichukua grafu kama picha ya njia. Lingine ni kuchanganya kimo cha mstari na mwinamo wake, mtoto anaambiwa ataje mahali kasi inapobadilika haraka zaidi, anaonyesha mahali mstari ulipo juu zaidi. Mwaka 1994 Robert Beichner akachapisha mtihani mzima wa kupima uelewa wa grafu hizi peke yake. Na hapo tunasema wanafunzi wa vyuo, watu ambao kanuni zako walikwisha kuzikariri zamani.

MWALIMU WA HISABATI: Sasa unajikata mguu. Kama watu wazima wa chuoni wanazama kwenye grafu, vipi umtangulizie mtoto wa miaka kumi na sita?

MWALIMU WA FIZIKIA: Ninachosema ni kwamba kanuni haikuwaponya. Walifaulu mitihani, wakafika chuo, na bado walidhani mstari unaopanda ni mlima. Ugonjwa huo kanuni iliufunika tu.

MTUNZA MAABARA: Nyote wawili mnabishana juu ya karatasi. Mniruhusu na mimi mzee niseme. Ninaweka toroli kwenye ubao ulioinamishwa kidogo, nyuma yake nafunga utepe unaopita kwenye kile kifaa cha kugonga nukta. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka nukta moja hadi inayofuata ni sekunde 0.02. Toroli likianza, nukta zimesongamana kama siafu. Likishika kasi zinaachana. Nawaambia watoto wakate utepe kila baada ya nafasi 10, yaani kila sekunde 0.2, wavibandike vipande wima daftarini, kimoja ubavuni mwa kingine. Siku toroli likikubali, kipande cha kwanza kina sentimita 1, cha pili 3, cha tatu 5, cha nne 7. Hapo hakuna aliyechora chochote. Wamekata na kubandika, na grafu ya kasi kwa muda imesimama mbele yao.

MWANAFUNZI: Siku ile ndiyo nilianza kuelewa. Kila kipande kinazidi cha nyuma yake kwa sentimita 2.

MTUNZA MAABARA: Enhe. Na sentimita 2 zaidi katika sekunde 0.2, kasi imeongezeka kwa kiasi gani?

MWANAFUNZI: Sentimita 10 kwa sekunde. Na ongezeko hilo limechukua sekunde 0.2, kwa hiyo… mchapuko ni sentimita 50 kwa sekunde kila sekunde. Nusu mita.

MWALIMU WA FIZIKIA: Bila kanuni hata moja.

MWALIMU WA HISABATI: Kwa kanuni kabisa! Amechukua tofauti ya kasi akaigawanya kwa muda. Hiyo ni v = u + at imepinduliwa. Mmemficha jina lake tu.

MWALIMU WA FIZIKIA: Kama ni majina, tuulize basi nani alitangulia kuzaliwa. Katika karne ya 14 wasomi wa Merton College, Oxford, walikwisha kusema kwa maneno kwamba kitu kinachoongeza kasi kwa usawa husafiri umbali ule ule ambao kingesafiri kwa kasi ya katikati. Kisha Nicole Oresme, Mfaransa, akalichora jambo hilo: muda kwenye kitako, kasi kwenye kimo, pembetatu yenye eneo sawa na mstatili wa nusu ya kimo chake. Hakukuwa na v wala u. Galileo mwenyewe, kitabu chake cha sayansi mbili mpya kilipochapwa Leiden mwaka 1638, hakuandika kanuni hizi unazozipenda. Alitumia uwiano na michoro. Na alionyesha kwamba kitu kikianza kutoka kusimama, umbali wa vipindi sawa vya muda hufuatana 1, 3, 5, 7. Vipande vya mzee hivyo.

MWALIMU WA HISABATI: Galileo huyo huyo, mwaka 1604, alimwandikia Paolo Sarpi barua akidai kwamba kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa kadiri ya umbali kilioanguka. Umbali, si muda! Jiometri yake yote haikumzuia kupotea. Halafu historia si silabasi. Namba za Kirumi zilitangulia tarakimu tunazotumia leo, lakini sijaona mtu anayefundisha kuzidisha kwa XIV na XXVII.

MTUNZA MAABARA: Na mimi nilisema siku toroli likikubali. Sikusema linakubali kila siku. Mara nyingi vipande vinatoka 1.2, 2.9, 5.1, 6.8. Ubao una kikwaruzo, gurudumu linayumba, mtoto kalisukuma badala ya kuliachia.

MWALIMU WA FIZIKIA: Hapo ndipo ningetaka mwenzangu anijibu. Chukua vipande viwili vya kwanza, 1.2 na 2.9. Tofauti ni 1.7, mchapuko unakuwa 42.5. Chukua cha pili na cha tatu: tofauti 2.2, mchapuko 55. Toroli ni moja, ubao ni mmoja, kanuni ni moja, majibu mawili yaliyoachana hivyo. Mwenye grafu anapitisha mstari mmoja katikati ya vichwa vyote vinne, kosa la huku likapunguzwa na kosa la kule. Jibu lake linakaribia 48. Na kipande kilichokosewa vibaya kinajitokeza chenyewe, kiko nje ya mstari.

MWALIMU WA HISABATI: Nani kasema mwenye kanuni achague jozi moja kwa kubahatisha? Anaweza kutafuta wastani.

MWALIMU WA FIZIKIA: Wastani wa tofauti tatu ni 6.8 kutoa 1.2, gawanya kwa tatu. Vipande vya katikati vimefutika, umebaki na cha kwanza na cha mwisho. Jaribu uone.

MWALIMU WA HISABATI: …Naona. Hilo la maabara nakuachia. Vipimo halisi vinataka grafu, na mtihani wa vitendo unaitaka vilevile. Ila mtoto huyu hatakaa maabara maisha yake yote.

MWALIMU WA FIZIKIA: Basi tutoke nje, barabarani. Mwanangu, basi linakwenda mita 20 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, mchapuko ni hasi 5. Limekwenda mita ngapi katika sekunde 6 tangu akanyage?

MWANAFUNZI: s ni sawa na 20 mara 6, kutoa nusu ya 5 mara 36. Ni 120 kutoa 90. Mita 30.

MWALIMU WA FIZIKIA: Na katika sekunde 4?

MWANAFUNZI: 80 kutoa 40. Mita 40… Subiri. Sekunde 4 mita 40, halafu sekunde 6 mita 30? Basi limerudi nyuma?

MWALIMU WA FIZIKIA: Kwa breki.

MTUNZA MAABARA: Nimepanda mabasi mabovu ya kila aina, la namna hiyo bado.

MWALIMU WA FIZIKIA: Grafu ingemwonyesha mara moja. Mstari unaanza 20, unashuka 5 kila sekunde, unagusa chini sekunde ya nne. Kasi imekwisha, basi limesimama, na baada ya hapo hakuna eneo la kuhesabu. Jibu la sekunde 6 ni mita 40. Kanuni imempa 30, namba safi isiyomshtua mtu, na angeipigia mstari chini mara mbili akageuza ukurasa.

MWALIMU WA HISABATI: Kanuni haikudanganya, imeulizwa swali lisiloihusu. Ina sharti lake: mchapuko usibadilike. Sekunde ya nne basi limesimama na mchapuko umekuwa sifuri, sharti limevunjika. Na huyo wako mwenye rula naye akizembea ataendeleza mstari wake chini ya mhimili, atapata 30 ile ile.

MWALIMU WA FIZIKIA: Akiuvusha mhimili anaona kwa macho kwamba kasi imekuwa hasi. Ana nafasi ya kushtuka. Sharti lako liko wapi ndani ya s = ut + ½at²? Mtoto alisome kwenye herufi gani?

MWALIMU WA HISABATI: Alisome kwenye kichwa cha mada! Tumeandika "mchapuko usiobadilika" kwa maandishi makubwa. Nigeuze swali. Mwanangu, mpira umerushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde, mchapuko hasi 10. Ni lini uko kwenye kimo cha mita 15?

MWANAFUNZI: 15 ni sawa na 20t kutoa 5t². Nikipanga, t² kutoa 4t kujumlisha 3 ni sifuri. t ni 1 au 3. Hapa sisi huwa tunachukua 1, ile 3 tunaikata.

(Ninaingia kidogo kama mwandishi: ile 10 ni ya kurahisisha hesabu. Karibu na ikweta mchapuko wa kitu kinachoanguka ni kama 9.78. Mwalimu wa Hisabati hakupenda kukumbushwa.)

MWALIMU WA HISABATI: Mnaikata kwa nini? Sekunde ya kwanza mpira unapita mita 15 ukipanda, sekunde ya tatu unapita hapo hapo ukishuka. Kanuni inajua kwamba mpira utarudi, wewe hukuiambia. Jibu mlilolikata ni nusu ya tukio zima.

MWALIMU WA FIZIKIA: Na kwa nini wanalikata, kama si kwa sababu hawajawahi kuliona? Muulize mchapuko wa mpira ule ukiwa kileleni.

MWANAFUNZI: Sifuri, si umesimama?

MWALIMU WA FIZIKIA: Chora kasi yake. Unaanza juu 20, sekunde ya pili unagusa sifuri, sekunde ya nne uko hasi 20. Mstari umepinda mahali popote?

MWANAFUNZI: Haujapinda. Umenyooka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mwinamo ni ule ule hata pale kwenye sifuri… mchapuko ni hasi 10 hata kileleni. Kasi ndiyo iliyokuwa sifuri.

MWALIMU WA HISABATI: Vizuri. Lakini dada, nijibu na mimi. Ajali imetokea. Askari wa usalama barabarani amepima michirizi ya matairi: mita 40. Breki za gari hilo kwenye lami ile zinatoa mchapuko wa hasi 5. Hakuna aliyeshika saa. Gari lilikuwa likienda kasi gani? Chora.

MWALIMU WA FIZIKIA: Muda sina.

MWALIMU WA HISABATI: Mhimili wako wa chini hauna namba. Mimi nachukua v² = u² + 2as: u² ni 2 mara 5 mara 40, ambayo ni 400, kipeuo chake cha pili ni 20. Kilomita 72 kwa saa. Mstari mmoja, na dereva anayo kesi ya kujibu.

MWALIMU WA FIZIKIA: Ningeweza kuchora pembetatu, kimo nikiite u, kitako u gawanya kwa 5, eneo 40…

MWALIMU WA HISABATI: Na hapo utakuwa umeandika kanuni yangu pembeni mwa mchoro wako.

MWALIMU WA FIZIKIA: Nakubali. Hapo kanuni imenishinda mbio. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kwa breki hizo, gari la kilomita 40 kwa saa linasimama baada ya kama mita 12, la kilomita 80 linataka kama 49, na hapo sijahesabu muda wa dereva kushtuka. Kilomita 80 ndicho kikomo kilichowekewa matatu nchini Kenya. Kila mtoto anajua kuandika ile v². Muulize kwa nini iwe mara nne, si mara mbili.

MWANAFUNZI: Kwenye grafu? Kimo kimekuwa mara mbili. Na kitako… kitako nacho mara mbili, kwa sababu kasi kubwa zaidi inachukua muda mrefu zaidi kuisha. Pembetatu nne ndogo zinaingia ndani ya kubwa.

MTUNZA MAABARA: Hilo waambieni madereva.

MWALIMU WA FIZIKIA: Tena hizo ni breki za kitabuni, zinazoshika sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mambo mengi ya duniani hayafuati sharti lako, kaka. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 pale Kasarani, Septemba 2021, kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mpe mtoto namba hizo mbili na kanuni zako, aanze na u = 0, atakuambia Omanyala alivuka utepe akiwa na kasi ya mita 20.5 kwa sekunde. Hiyo ni karibu kilomita 74 kwa saa! Angepitana na matatu barabara ya Thika. Ukweli ni kwamba mwanariadha huchapuka sana mwanzoni, anafika kikomo chake, kisha anajitahidi asipungue. Grafu yake inapinda na kulala. Mwenye grafu atahesabu miraba chini ya mchirizi uliopinda, apate mita 100. Mwenye kanuni hana la kufanya.

MWALIMU WA HISABATI: Atahesabu miraba mpaka kengele ilie. Vipindi vyangu ni vya dakika 40, na darasani nina watoto 60. Penseli zenyewe wanaazimana. Nikisahihisha grafu 60, kila moja na mizani yake, mmoja kaweka sentimita 1 kwa sekunde 1, mwingine kwa sekunde 7, nitamaliza lini? Kanuni nasahihisha kwa jicho moja.

MWALIMU WA FIZIKIA: Ndiyo maana ya hoja yangu. Tunachagua kinachotupunguzia kazi sisi, kisha tunasema ndicho rahisi kwa mtoto.

MWALIMU WA HISABATI: Hilo umelisema kwa ukali, na mwenye darasa la watoto 60 halistahili. Lakini nikuulize: ukipewa watoto wa shule isiyo na kifaa cha kugonga nukta, isiyo na toroli wala umeme, grafu yako itatoka wapi? Utawapa namba za kubuni, wazichore. Hapo mlima na tambarare vinarudi vile vile.

MTUNZA MAABARA: Gololi na mfereji wa bomba lililopasuliwa, mwalimu. Chora alama, mmoja apige makofi kwa mpigo sawa, wenzake waweke chaki mahali gololi ilipofika kwa kila kofi. Galileo alipima muda kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika. Umeme wa kutumia hakuwa nao.

MWALIMU WA HISABATI: Sawa, mzee. Bado naanza na kanuni. Ila lile basi la sekunde 6 nitaliweka kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Alama 1 kwa hesabu, alama 3 kwa atakayeniambia kwa nini 30 si jibu.

MWALIMU WA FIZIKIA: Na mimi bado naanza na grafu. Ila nitawapa michirizi ya mita 40, bila saa na bila karatasi ya miraba.

MWANAFUNZI: Walimu wangu, naomba maswali yote mawili mtupe darasani kwanza, kabla ya mtihani. Na lile la basi, msituambie mapema kwamba linasimama.